Mtoto wa Sekela na Waliofungua Njia

Hapo zamani, na zamani yangu hii si ya sungura na fisi, ni zamani ya karibu tu, watu walipokwisha kuzoea kuonana nyuso kwenye simu wakasahau kwamba kuna mtu anaweza kuwanyang'anya hayo. Basi hapo zamani palikuwa na mji uitwao Lukwanje, mji wa milimani, mji wa baridi na vitunguu, jirani kabisa na mpaka. Msiniulize uko nchi gani. Kaeni vizuri, na wewe pale nyuma acha kunong'ona, maana mwishoni mimi nitanyamaza na nyinyi ndio mtakaosema.

Katika mji huo aliishi Anyitike, seremala, na mkewe Sekela, mkata tiketi katika ofisi ya mabasi. Sekela alikuwa mjamzito, mimba waliyoingoja mpaka majirani wakachoka kuwauliza. Muuguzi wa kituo cha afya, ambaye mji mzima ulimwita Sista, alimpima kwa mashine ya picha akakunja uso. Mtoto alikuwa amelala amekingama tumboni, kichwa ubavu huu, miguu ubavu ule. Mtoto aliyelala hivyo hazaliki. Ama ageuzwe, ama mama apasuliwe.

Kupasua, Lukwanje hawana chumba. Hospitali kubwa iko ng'ambo ya mto, na daraja lilikuwa limekwenda na mvua. Kugeuza, Sista alikuwa ameona Daktari akifanya, yeye mwenyewe hajawahi. Na Daktari? Daktari alikuwa nchi jirani kwenye mafunzo, na mpaka umefungwa. Ulikuwa wakati wa uchaguzi, jamani, mnajua wakubwa wanavyokuwa wakati huo. Waliufunga mpaka kwa kila mtu isipokuwa wachuuzi wenye vibali siku ya soko, kwa sababu hata wakubwa wanakula vitunguu. Wakafunga na njia za mtandao zinazotoka nje ya nchi, zote. Ikabaki simu ya kawaida, ile ya sauti tupu, nayo ina sikio la tatu, la wakubwa.

Daktari akapigiwa simu hiyo. Akasema, "Sista, kwa sauti sitaweza. Nahitaji kuona kondo la nyuma limekaa wapi na kamba ya kitovu imepita wapi. Nionyeshe picha ya mashine, nione na mikono yako, nitakuongoza kidole kwa kidole. Ukigeuza kwa kubahatisha utawapoteza wote wawili."

Anyitike alisimama katikati ya uwanja wa kituo akaapa mbele ya watu. "Atakayefungua njia, Daktari akamwona mke wangu, huyo ndiye atakayempa mtoto wangu jina!"

Mnaguna? Mlitaka atoe ng'ombe? Lukwanje jina si kitu cha kuokota. Aliyekupa jina ni mzazi wako wa pili. Ukioa, anakaa mbele. Akifa, unanyoa nywele. Na jina hutolewa na mtu mmoja, halichangiwi kama mchuzi. Mume aliapa bila kumuuliza mkewe, na hilo mlikumbuke.

Sasa sikieni waliojitokeza.

Wa kwanza alikuwa Atupele, dada yake Anyitike, aliyekuwa akiishi mji ule ule wa ng'ambo ya mpaka alikokuwa Daktari. Atupele alikuwa fundi wa mitambo ya mtandao, na fundi kweli, si wale wa kuzima na kuwasha. Akatuma neno kwa wachuuzi, "Kaka, nitaweka wakala."

Wakala ni nini? Nawaeleza mara moja. Ni mashine, seva, iliyo nje ya ukuta. Wewe uliye ndani ukimpelekea Daktari picha moja kwa moja, mlinzi wa mtandao ataiona na kuitupa. Basi unampelekea wakala mzigo uliofungwa na kusimbwa. Mlinzi akiupekua anaona vurugu ya herufi tu. Wakala ana ufunguo, anaufungua kule nje, anamkabidhi Daktari kwa niaba yako. Daktari akijibu, wakala anafunga tena na kukurudishia. Mmeelewa? Wasioelewa waulize walioelewa.

Atupele akakodi mashine kwa jina lake. Hakutumia vitufe vya kupendeza. Alifungua dirisha jeusi, akaandika amri kwa mkono, mstari baada ya mstari: sikiliza kwenye mlango huu, simba kwa njia hii, anayekuja na ufunguo huu mpokee, asiye nao mnyamazie. Akaiwasha. Walinzi wakaigundua, wakaifunga. Akaweka nyingine. Wakaifunga. Akaweka nyingine, ikafungwa hata chai yake haijapoa.

Mwingine angelia. Atupele alikaa akafikiri, akagundua kwamba walinzi hawaoni kilichomo ndani ya mzigo, wanautambua kwa mwendo wake. Tena wana hila: wananasa mzigo mmoja, halafu wao wenyewe wanaupeleka tena kwa wakala, na wakala mjinga akiujibu tu, wamemjua. Basi akachagua namna mpya ya kufunga, ambayo kila mzigo hutiwa ndani yake wakati ulipotoka. Wakala akiona wakati haulingani na saa yake, hajibu kitu, ananyamaza kimya kama hayupo. Mashine hii ikadumu. Walinzi wakapita mbele yake, wakairudia, wakaipita tena.

Namwonea fahari msichana huyu, nawaambia wazi. Na alijua anachofanya, maana kodi ile ilikuwa na jina lake. Siku walinzi watakapolijua, hatakanyaga tena Lukwanje.

Njia ikafunguka? Haikufunguka. Ufunguo ulikuwa nje, na waliouhitaji walikuwa ndani.

Wa pili alikuwa Mama Nabwike, mchuuzi wa vitunguu mwenye kibali. Ufunguo hausemwi kwenye simu yenye sikio la tatu. Hauandikwi, kwa sababu mpakani wanapekua hadi ndani ya kilemba. Atupele alimfuata sokoni upande wa nje, akamnong'oneza, "Mama, utaweza kuubeba kichwani?" Akamsomea anwani ya wakala, mlango na namna ya kufunga, kisha ufunguo wenyewe: herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu, mchanganyiko mrefu usio na maana wala wimbo. Ukikosea moja, ikawa ndogo pale palipo na kubwa, umebeba bure.

Mama Nabwike akasema, "Nisomee tena, polepole. K kubwa? Huyo ni Kalinga, mteja wangu yule mnene. K ndogo? Huyo ni Kalinga mdogo, mwanawe. Saba ni magunia. F ndogo, huyo binti Fyula. Endelea."

Akaupanga ufunguo wote kuwa wateja wake, wazee kwa watoto, wanene kwa wembamba, na magunia wanayochukua. Akaanza safari nao mdomoni: Kalinga mkubwa, Kalinga mdogo, magunia saba, binti Fyula. Mpakani wakamshusha. Wakachukua simu yake, wakamwaga vitunguu vyake chini, wakapasua hadi mto aliokalia.

"Mama, unamung'unya nini?" askari akauliza.

"Kalinga mkubwa, Kalinga mdogo," Mama Nabwike akamjibu kwa sauti. "Naita wateja wangu, mwanangu. Nikisahau mmoja atanuna mwaka mzima."

Askari akacheka, akamruhusu. Lakini sikieni kilichomgharimu. Njiani alipishana na mkwe wake, baba wa mume wa binti yake, mzee anayeheshimiwa kuliko mchungaji. Mkwe akasimama, akavua kofia, akasalimia. Mama Nabwike angejibu, wateja wangemtawanyika kichwani. Akampita! Akampita mkwe wake akimung'unya, hakuinua hata jicho. Mzee akabaki na kofia mkononi. Nyinyi mnaojua aibu ya mkwe mnajua alichokitoa mama huyu siku ile. Mpaka leo mzee haendi kwao.

Alifika kituoni asubuhi hiyo hiyo uchungu ulipoanza kumshika Sekela. Njia ikafunguka? Haikufunguka. Ufunguo ulikuwa umefika, lakini hakuna aliyeutia kwenye mlango.

Wa tatu alikuwa Lusajo, mtunza takwimu wa kituo, rafiki wa Anyitike. Kompyuta ya kituo ilikuwa nzee, betri yake ya ndani imekufa, ikizimika inasahau hata ni mwaka gani. Mkuu wa kituo alikuwa amekwisha kumwonya: anayecheza na mitandao iliyofungwa atafute kazi kwingine. Lusajo akaibeba kompyuta ile, akaiweka juu ya kabati la dawa kando ya kitanda cha Sekela, akafungua dirisha jeusi mbele ya kila mtu, mkuu akiwemo.

Programu alikuwa nayo tangu zamani. Kilichotakiwa ni faili la kuielekeza: anwani ya wakala, namba ya mlango, aina ya usimbaji, ufunguo. Mama Nabwike akaanza, "Kalinga mkubwa," Lusajo akaandika. "Kalinga mdogo." Akaandika. Mpaka wateja wakaisha. Akaiamuru programu iwake. Ikakataa: alisahau mkato mmoja mwisho wa mstari. Akautia. Ikakataa: aliacha mabano wazi. Akayafunga. Jasho lilimtiririka na baridi yote ile.

Halafu akakumbuka saa. Siku nyingine kompyuta huuliza wakati kwenye mtandao, lakini na njia hiyo ilikuwa imefungwa. Ikabidi aiwekee kwa mkono. Akaandika mwaka, mwezi, tarehe, akapaza sauti bila kugeuka: "Sista, saa ngapi?"

Sista akatazama saa ya ukutani. "Saa mbili na robo."

Lusajo akaandika, akaiwasha. Programu ikakubali! Dirisha likatulia bila lawama. Anyitike akaruka. Wakampigia Daktari kwa picha, wakangoja. Kimya. Wakapiga tena. Kimya.

Lusajo akachukua simu ya kawaida, ile yenye sikio, akajifanya anauliza habari za ukoo. "Dada Atupele, mgeni wangu amefika?"

"Amefika mlangoni," Atupele akajibu, kwa kuwa alikuwa akisoma kumbukumbu za seva yake mstari kwa mstari, Daktari amekaa pembeni yake. "Lakini haingii. Mlinda mlango anasema amekuja wakati si wake."

"Wakati si wake? Huko kwenu saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu. Na huko?"

"Saa mbili na nusu!"

Mnaona? Wote wawili walikuwa sawa. Wote wawili walikuwa wakisema kweli. Mafundi wawili hodari, mmoja huku na mmoja kule, walilinganisha saa zao wakakuta zinalingana, na mlango ukabaki umefungwa. Lusajo akarudi kwenye faili. Akasoma ufunguo, Mama Nabwike akaita wateja upya. Akabadilisha mlango, akaurudisha. Akazima, akawasha. Sista akaweka mkono juu ya tumbo, akasema kwa sauti ndogo, "Chupa ya uzazi ikipasuka kabla hajageuzwa, basi." Anyitike akatoka nje akaegemea ukuta akalia, na sijui mwanamume gani asingelia.

Njia ikafunguka? Haikufunguka.

Hapo ndipo Sekela, aliyekuwa amelala akiuma kanga, akauachia uchungu mmoja upite, akasema, "Shemeji Lusajo. Hiyo mashine umeiambia nini?"

"Saa mbili na nusu, shemeji. Ni sawasawa, pumzika."

"Sikuulizi ni saa ngapi. Nakuuliza umeandika namba gani."

"Mbili."

Sekela akacheka. Katikati ya uchungu, jamani, mwanamke akacheka mpaka Sista akafikiri amechanganyikiwa. "Kila wiki wageni wa nchi za mbali wananililia dirishani. Namwambia mtu basi linaondoka saa mbili asubuhi, anakuja saa nane mchana na mabegi yake anauliza basi liko wapi. Mashine ni mgeni, shemeji. Haihesabu kuanzia jua linapochomoza, inahesabu kuanzia saa sita za usiku. Iandikie nane."

Lusajo alijua hilo? Alijua sana! Kila siku takwimu zake anaziandika kwa saa za mashine. Hata Atupele anajua, hata mimi najua, hata wewe unayetikisa kichwa unajua. Lakini ukiuliza kwa Kiswahili saa ngapi, na ukajibiwa kwa Kiswahili, na roho iko mkononi, vidole vinaandika kile masikio yalichosikia. Ni kosa letu sisi wenyewe, watu wa lugha hii, na nalipenda kwa sababu hiyo.

Lusajo akaandika nane. Akaiwasha.

Uso wa Daktari ukatokea kwenye kioo, na nyuma ya bega lake uso wa Atupele. Mama Nabwike akakaa chini sakafuni palepale. Daktari hakusalimia mtu. "Nionyeshe kondo. Vizuri, liko juu, halizuii. Kamba iko huru. Sista, mkono wa kushoto chini ya kichwa, wa kulia kwenye matako ya mtoto. Usisukume, mbembeleze. Ngoja uchungu upite. Sasa." Sista akabembeleza. Mtoto akasita, akajinyoosha, akageuka. Daktari akasema, "Mshikilie hapo hapo."

Jua halijafika utosini, Sekela akajifungua binti, mzima, mwenye kelele.

Msiniulize kuhusu Daktari na Sista. Wao wenyewe walisema, "Sisi tulifanya kazi yetu, ahadi ilikuwa ya njia." Wakajitoa.

Siku ya jina ikafika. Watu wakajaa nyumbani kwa Anyitike. Atupele hangeweza kuja. Walinzi walikuwa wameanza kuuliza mashine ile imekodiwa na nani, na mpakani jina lake lilikuwa limekwisha kuandikwa. Lusajo akaleta kompyuta ya kuazima, saa yake imewekwa sawasawa, uso wa Atupele ukakaa mezani katikati ya sahani za ndizi. Anyitike akasimama na mtoto mikononi.

"Niliapa," akasema. "Atakayefungua njia. Semeni."

Atupele akasema, "Kaka, njia mimi ndiye niliyeichimba. Zilifungwa nikachimba nyingine, mpaka ikapatikana moja isiyoonekana. Wengine walipita palipokwisha kuchimbwa. Na kwa njia hiyo mimi nimekosa nyumbani. Wote mmekaa hapo, mtambeba kwa zamu. Mimi shangazi yake nitambeba lini?"

Mama Nabwike akasema, "Mwanangu, njia ilikuwepo, nani aliiona? Ilikuwa ng'ambo, na sisi huku. Mimi ndiye niliyeivusha mpaka, kichwani, vitunguu vyangu vikikanyagwa. Nimempoteza mkwe. Binti yangu analaumiwa ukweni kwa ajili yangu, na siwezi hata kujitetea, kwa kuwa nikieleza nitawataja nyinyi."

Lusajo akasema, "Sikatai, nilikosea saa. Lakini anayekosea ni yule anayefanya. Ufunguo ulifika ukiwa majina ya wateja, mimi nikaufanya ufunguo. Nilifungua dirisha lile mbele ya mkuu wangu nikijua nitafukuzwa, na nimefukuzwa. Vidole vilivyoandika mbili ndivyo vilivyoandika nane, na baada ya nane njia ikafunguka. Neno la kiapo ni kufungua. Nani mwingine hapa amefungua?"

Watu wakaguna, kila mmoja akaona aliyesema mwisho ndiye mwenye haki. Ndipo Sekela akainuka kwenye mkeka.

"Baba Mtoto," akasema, "uliapa juu ya tumbo langu bila kuniuliza. Leo sitaki unipe haki ya jina kwa sababu mimi ni mama, mama ana vyake. Nipe kwa kiapo chako mwenyewe. Alichimba, haikufunguka. Alibeba, haikufunguka. Aliwasha, haikufunguka. Nilisema neno moja, ikafunguka. Ningekuwa mtu baki nimelala kitanda cha pili, ungesita?"

Mzee mmoja akasema mzazi hatunukiwi mwanawe mwenyewe. Bibi mwingine akamjibu, tangu lini mwenye uchungu akatolewa kwenye hesabu ya waliofanya kazi? Wakaanza kuzozana. Mama Nabwike akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Lusajo akainama, ghafla akainua mkono.

"Nyamazeni! Picha inakatika."

Kweli. Uso wa Atupele ulikuwa unaganda, unarudi, unaganda. Walinzi walikuwa wamekwisha kuutambua mwendo. Sauti yake ikaja vipande vipande: "Kaka, wanafunga. Sidai tena, mpe yeyote. Lakini semeni upesi, nilisikie jina kabla picha haijakatika."

Mtoto akafungua macho, akatazama mwanga wa kioo kile. Anyitike akamtazama dada yake anayefifia, akamtazama mama aliyempoteza mkwe, akamtazama rafiki asiye na kazi, akamtazama mkewe aliyesimama. Akafungua mdomo ili amtaje mmoja wa kumpa mtoto jina.

Mimi nimefika mwisho wa yangu. Nimewaambia nitanyamaza, na picha inakatika, na shangazi anasubiri kusikia. Haya, upesi: je, ni nani kati yao aliyestahili kumpa mtoto yule jina?